Mashine Inayotoa Taarifa Kabla ya Kuharibika

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu tuna karakana ya useremala yenye mashine sita za zamani. Tunashauriwa kununua mfumo mahiri wa kufuatilia hali ya mashine, uliounganishwa na intaneti. Je, unatufaa sisi wadogo? Na majirani wanaovumilia kelele na vumbi letu watanufaika vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, unawafaa, lakini msianze kwa kununua mfumo mzima. Tafuteni kwanza mashine ambayo ikisimama, kazi yote husimama, kisha ifungieni hiyo peke yake kihisi, yaani kifaa kidogo cha kupima, cha mtetemo na joto. Beringi, yaani kipande kinachobeba mhimili unaozunguka, inapoanza kulika, mtetemo wa mota hubadilika, mara nyingi majuma kadhaa kabla haijavunjika. Taarifa hiyo ikimfikia fundi kwenye simu, ataagiza kipuri mapema na kukibadilisha siku ambayo kazi ni chache. Uzee wa mashine si kizuizi, kwa kuwa kihisi hubandikwa kwenye gamba la mota bila kuifungua.

Kama mnatumia kompresa, yaani mashine ya kushindilia hewa, itazameni kwa makini zaidi. Mabomba yanayovuja huweza kupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa iliyoshindiliwa, na mita ya umeme iliyounganishwa na intaneti huufichua uvujaji huo usiku, pale kompresa inapowaka tena na tena ilhali hakuna anayetumia hewa.

Kuhusu majirani, nimefurahi kwamba mmewafikiria. Wekeni vihisi vya vumbi na kelele kwenye ukuta unaoelekea kwao, na vipimo viwe wazi kwao kama vilivyo wazi kwenu, hata vikionyesha kuwa ninyi ndio wenye makosa. Kihisi hakiondoi vumbi, kazi hiyo ni ya feni ya kulifyonza. Lakini kitaonyesha ni saa zipi na mashine ipi inayowaumiza, nanyi mtaweza kupatana nao juu ya ratiba.

Jambo moja msilipuuze: nywila zilizotoka kiwandani zibadilishwe siku ya kwanza. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa, hasa kamera na ruta, kwa kujaribu nywila za aina hiyo tu.

Kabla ya kulipa, mwulizeni muuzaji iwapo mashine zitaendelea kufanya kazi intaneti ikikatika, na iwapo mtaweza kuondoka na takwimu zenu mkiachana naye. Akisita kujibu lolote kati ya hayo, tafuteni mwingine.