Mgeni na "mpwa" wake

Shangazi, nipo mapokezi gesti moja Mtwapa. Mwanamume amelipia taslimu chumba cha kitanda kimoja, yuko na binti mdogo anayemwita mpwa. Binti hana hata mkoba, na nikimuuliza jina, mjomba ndiye anajibu. Bosi anasema nisisumbue wateja. Nifanyeje?

Mwanangu, taslimu si kosa, Pwani nzima hulipa hivyo. Kinachonitisha ni mtoto kunyimwa kusema hata jina lake. Usimkabili mjomba, wala usiende kugonga mlango peke yako. Piga 116, simu ya kusaidia watoto hapa Kenya, sasa hivi, ni bure. Taja chumba, namba ya gari, nguo alizovaa binti. Bosi naye akasome Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006: anayeruhusu kwa kujua mtoto akae ndani ya jengo lake ili adhulumiwe kingono hafungwi chini ya miaka 10.