Kabla hujatia mkasi kwenye mapazia ya ukumbini

Dada wa Fuoni, nimekusoma. Mapazia ya ringi, yale ya matundu yenye pete yanayopitishwa fimbo, uliyonunua Darajani yana mita mbili na nusu kila moja, toka fimbo hadi sakafuni ni sentimita 236, yanaburura, na fundi keshakwambia umpelekee ayakate. Ya chumbani nayo yamekuja mafupi, yanaishia katikati ya ukuta. Unauliza ya ukumbini akate kiasi gani, na ya chumbani uyaunge vipi.

La kwanza: asikate kitu. Miye sina duka, nashonea nyumbani Jang'ombe kwa cherehani ya mguu aliyoniachia bibi yangu, na mapazia niliyoyaharibu mengi ni yangu mwenyewe, shukuru Mungu. Karibu yote yaliharibika kwa sababu hiyohiyo: mkasi ulitangulia.

Tufanye hesabu. Pazia la ringi lina kichwa kinachosimama juu ya fimbo, lako umesema sentimita 4. Basi 236 na 4 ni 240, ikiwa umepimia mgongo wa fimbo, yaani upande wake wa juu, na si tumbo lake. Toa sentimita 1 na nusu chini, nafasi ya kupiga deki bila ya kuchovya kitambaa. Unataka pazia la 238 na nusu. Sasa fumua pindo la kiwandani. Umesema kitambaa kilichokunjwa mle ndani kinafika sentimita 5, kwa hiyo kitambaa chako chote ni 255. Toa 238 na nusu, kinabaki 16 na nusu. Hicho ndicho pindo lako: kunja 8, kunja tena 8, nusu inayobaki ipotee kwenye mkunjo. Mkasi wa nini hapo? Fundi ukimwambia sentimita anaweza kukuangalia tu, mwambie inchi tatu na kidogo, kunja mara mbili.

Pindo nene lina faida zake. Pazia linaning'inia likatulia. Na ukihama, au mwenye nyumba akiipandisha fimbo, una akiba ya kuteremsha. Ila ujue ukiteremsha pindo la miaka, ule mstari wa mkunjo wa zamani unabaki, na chini yake rangi ni mpya wakati juu jua limeshaila. Hapo hakuna sabuni itakayosaidia. Wengine hushonea utepe juu ya mstari ule, na ukichagua rangi vizuri mtu hadhani kama ni kiraka.

Kabla ya yote hayo, yafue. Polista haina matata, lakini pamba na kitani hurudi. Nilishawahi kumshonea jirani mapazia ya pamba yakagusa sakafu kama nilivyotaka, akayafua kwa ajili ya Idd, yakapanda kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla. Hakunilaumu, lakini kila nikienda kwake macho yangu yanakwenda chini ya dirisha.

Ukishayafua, yatundike kwanza ndiyo upange pindo. Yaache usiku kucha yajinyooshe, khasa kitambaa kizito. Asubuhi piga magoti, kunja yakiwa palepale dirishani, bana kwa pini au hata vibanio vya nguo. Pima pembe mbili na katikati, kwa kila pazia. Hili nililijulia nyumbani kwa mama, Mji Mkongwe. Nyumba zile dari zake zimelala juu ya boriti, na sakafu ya juu ina tabia zake. Nilipima upande mmoja nikashona mapazia yote sawasawa. Kutundika, la kulia linaburura na la kushoto liko juu inchi moja na zaidi. Mama akaniuliza kama cherehani ndiyo mbovu. Nikafumua, nikashona kila moja kwa kipimo cha pale linapokaa, na ndani ya pindo nikatia uzi mwekundu kwa la kulia ili wakifua wasiyabadilishe. Nyumba mpya ya vigae kama yako huenda iko sawa, lakini utepe wa kupimia hauli chakula, pima.

Wale wanaopenda pazia limwagike sakafuni kama shela la bibi harusi, miye simo. Vumbi, mende, na masika mvua ikipiga dirishani pindo linarowa halikauki, mara unaona vidoa vyeusi vya ukungu. Acha hiyo sentimita 1 na nusu.

Upepo nao. Fuoni kusi ikivuma pazia jepesi linaruka mpaka kwenye feni. Niliwahi kushonea nati za chuma kwenye pembe za pindo, nikajiona mjanja. Haukupita muda mrefu zikatoka kutu, doa la hudhurungi kwenye kitambaa cheupe. Sasa natumia chubwi ndogo za wavuvi, vile vizito vya mshipi, moja kila pembe, ndani ya kifuko cha kitambaa kinachotoka wakati wa kufua. Lakini chubwi ni madini ya risasi, na risasi ni sumu, kwa hiyo kama una mtoto wa kutambaa anayetia kila kitu kinywani, usitie. Pindo lako la mara mbili litatosha.

Hayo ya chumbani sasa. Umesema yanapita kizingiti cha dirisha kwa sentimita 30, na ili yafike chini zinahitajika karibu sentimita 90. Usiyaunge. Kipande cha chini kinapendeza kikiwa kama sehemu moja kwa tano ya pazia zima. Ukiunga 90 utakuwa na mapazia mawili yanayogombana kwenye fimbo moja. Na usiongeze juu, kwenye ringi huko ni kutafuta kesi. Ila pale yalipo pia pabaya: yameshaliacha dirisha na sakafu hayajaifikia. Umesema kitanda kiko chini ya dirisha hilo, basi yapandishe, yaishie sentimita 15 chini ya kizingiti, tena hapa kunja tu, usikate. Kitanda kinaziba kilichobaki, na hayataingia nyuma ya godoro kukusanya vumbi.

Ukipeleka kwa fundi, beba pazia likiwa limeshabanwa pini, usimpelekee namba kwenye karatasi. Kama ni kile kitambaa chepesi cha ndani mwambie atie sindano namba 11, ya kitambaa kizito italiacha tundutundu, na pasi iwe ya moto mdogo, polista inayeyuka. Na mpelekee Shaaban hii hii. Ukisubiri Ramadhani ianze, mafundi wote mjini wameshajaa kanzu na madera ya sikukuu, na pazia lako litashonwa saa sita ya usiku na mtu anayesinzia.