Wenzangu wanakimbilia vijana, mimi navutwa na wazee

SWALI: Shikamoo Mama. Niko mwaka wa mwisho wa masomo ya ushauri nasaha. Darasani karibu kila mtu anataka kuwashauri vijana au wanandoa. Mimi navutwa na wazee, pengine kwa sababu nimelelewa na bibi. Mwenzangu ananiambia napoteza muda, eti mtu wa miaka 75 habadiliki, na mshauri kijana hana la kumwambia. Niendelee? Nijiandae vipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Endelea, tena bila kumwomba mtu radhi.

Anayosema mwenzako ni ya siku nyingi. Mwaka 1905 Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya kuichambua nafsi kwa mazungumzo, aliandika kwamba watu wanaokaribia miaka 50 au walioivuka hukosa wepesi wa akili ambao tiba yake iliutegemea. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa anakaribia umri huo, na aliendelea kuandika hadi alipofariki mwaka 1939, akiwa na miaka 83. Leo tunajua kwamba tiba ya mazungumzo inawasaidia wazee wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Nikupe mfano wa mzee mmoja, nikificha yanayoweza kumtambulisha. Aliletwa na mwanawe kwa sababu amekuwa msahaulifu na mgongo haumpi nafuu. Kila nilipouliza, mtoto alijibu. Nikamwomba mtoto asubiri nje. Nikahamisha kiti upande wa sikio linalosikia, nikakaa mahali ambapo mwanga ulinimulika usoni ili aone midomo yangu, kisha nikanyamaza. Baada ya muda mrefu akasema kwamba tangu mkewe afariki hajakaa mezani. Na hata akila, anakula amesimama. Kazi yetu ilianzia hapo: mlo mmoja kwa siku, ameketi. Sonona ya wazee mara nyingi huja kwa sura ya maumivu, uchovu na kusahau, na walio karibu wakaiita uzee.

Kwa hiyo jifunze kutofautisha huzuni ya msiba, sonona na dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, ni wa kupelekwa kwa daktari haraka. Huenda ni maambukizi au dawa anazomeza. Na usione haya kumuuliza kama anafikiria kujiua. Katika nchi nyingi viwango vya kujiua hupanda sana miongoni mwa wanaume wazee, lakini hao ndio tunaowauliza kwa nadra.

Kuhusu ujana wako: muulize anapenda aitwe nani, umwache asimulie. Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani, alieleza mwaka 1963 kwamba mzee anayerudia habari za zamani huwa anayapitia maisha yake na kuyapima. Usimkatishe.

Kuhusu bibi yako nina neno. Mapenzi hayo ndiyo yaliyokuleta, na wengi waliowahi kuwa karibu na wazee huvutwa na kazi hii kama wewe. Ila ukimwona bibi katika kila mteja utaanza kumkinga, na utayaruka maswali ya tendo la ndoa, fedha na hasira kwa watoto. Hayo ndiyo wanayokuja nayo.

Usiwalaumu sana wenzako. Mioyo yao si sababu pekee ya kuwakwepa wazee. Malipo nayo yanachangia. Nchini Marekani, bima ya afya ya serikali iitwayo Medicare, ambayo wanachama wake wengi wana miaka 65 na zaidi, ilianza kuwalipa washauri nasaha wenye leseni Januari 2024 tu. Na wahitaji wanaongezeka: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo 2030 mtu mmoja kati ya sita duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi.

Sasa omba mapema nafasi ya mafunzo kwa vitendo mahali wanapohudumiwa wazee, na ulizia nani atakusimamia. Kama hajawahi kufanya kazi nao, omba msimamizi mwingine.