Ukitaka Kuujua Ukumbi wa Bolingi, Nenda Jumanne

Ndugu zangu wanaohamia miji ya kaskazini mwa Marekani, ambako baridi huweza kushika tangu Novemba hadi Aprili, huniuliza wafanye nini jioni ili upweke usiwamalize. Kwa miaka minane sasa nimekuwa nikiwapa jibu moja, na karibu wote huanza kwa kulicheka: tafuta ukumbi wa bolingi (mchezo wa kuviringisha tufe zito sakafuni ili liangushe pini kumi) wenye ligi, jiandikishe, kisha uende kila wiki hadi msimu uishe. Wanacheka kwa sababu wengi wao wameshawahi kwenda mara moja, tena Jumamosi usiku, wakakuta muziki wa kupasua masikio, taa za zambarau, foleni ya saa nzima na bili ambayo ingelisha familia kule Tanga kwa wiki mbili. Siwalaumu, kwa kuwa hata mimi nilianzia hapo hapo nikaapa kwamba sirudi.

Aliyenirudisha ni mzee mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi kiwandani mjini Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Timu yake ya Jumanne ilikuwa imepungukiwa mtu mmoja, naye hakuniuliza kama najua kucheza. Aliniuliza kama Jumanne jioni huwa nina nafasi. Nilipomweleza kwamba nitawaponza wenzangu, alichukua kalamu akanifanyia hesabu nyuma ya bahasha. Katika ligi yao mchezaji mwenye wastani wa chini ya pointi 200 kwa mchezo hupewa fidia ya asilimia 90 ya pengo kati ya wastani wake na hiyo 200. Tukichukulia wastani wangu ni 118, pengo langu lingekuwa 82, nami ningeongezewa pointi 73 (desimali hutupwa) katika kila mchezo kabla hata sijagusa tufe, ilhali mwenye wastani wa 190 angeongezewa 9 tu. Kwa utaratibu huo anayeiangusha timu si yule asiyejua, bali yule aliyecheza chini ya kawaida yake mwenyewe siku ile, na ndiyo maana fundi bomba wa miaka 70 na kijana aliyeanza mwezi uliopita huweza kushindana kwa haki. Sijaona mchezo mwingine wa watu wazima unaompokea mgeni kwa heshima ya namna hiyo. (Wastani wangu wa mwezi wa kwanza, niseme ukweli, haukufika hiyo 118.)

Milwaukee si mahali pabaya pa kujifunzia. Wahamiaji wa Kijerumani waliojaza mji huu katika karne ya 19 walikuja na mchezo wao wa kuangusha pini, na ingawa chama kilichosawazisha kanuni za bolingi ya pini kumi, American Bowling Congress, kiliundwa New York mnamo Septemba 1895, makao yake, na baadaye ya chama kilichokirithi, yalikuwa hapa na viungani mwake kwa miongo mingi hadi yalipohamishiwa Arlington, Texas, mwaka 2008. Bado watu huizungumzia Holler House, baa ya upande wa kusini wa mji yenye njia mbili tu za kurushia tufe chini ya ardhi, zilizofunguliwa mwaka 1908, ambako pini zimekuwa zikipangwa kwa mkono na vijana wanaokaa nyuma ya uwanja. Zamani kila ukumbi ulikuwa hivyo. Kijana alipochelewa au alipougua, mchezo ulisimama, na mwenye ukumbi alipata hasara.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya mashine. Kampuni ya AMF ilionyesha hadharani mashine ya kupanga pini mjini Buffalo mwaka 1946, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaanza kufungwa kumbini. Tangu hapo ukumbi uliweza kuwa na njia 40 au zaidi na kukesha wazi, jambo lililowafaa sana wafanyakazi wa zamu: anayetoka kiwandani usiku wa manane alikuta mahali penye taa, chakula na watu anaowafahamu. Kiwanda kilikuwa na timu, kanisa lilikuwa na timu, chama cha wafanyakazi kilikuwa na timu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na kumbi karibu 12,000. Rais Truman alikuwa ameshawekewa njia za bolingi katika Ikulu tangu mwaka 1947.

Hata hivyo, sisi weusi tusisimuliwe habari hizo kana kwamba mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Kanuni za American Bowling Congress zilikubali wanachama weupe pekee hadi mwaka 1950, na ndiyo sababu wachezaji weusi walikuwa wameunda chama chao wenyewe mjini Detroit mwaka 1939. Katika mji wa Orangeburg, South Carolina, mwenye ukumbi aliendelea kuwakatalia weusi hata baada ya sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964. Wanafunzi wakaandamana, na usiku wa tarehe 8 Februari 1968 polisi wa doria waliwafyatulia risasi katika eneo la chuo chao, wakawaua vijana watatu. Yule mzee wa kiwandani, ambaye naye ni mweusi, alinieleza hayo usiku mmoja tukisubiri zamu yetu ya kurusha, kisha akainuka akarusha straiki, pini zote kumi chini kwa mrusho mmoja.

Baadaye kumbi hizi zilipungua, lakini hilo halikutokana na watu kuuchoka mchezo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwanazuoni Robert Putnam alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kati ya 1980 na 1993 idadi ya Wamarekani wanaocheza bolingi iliongezeka kwa asilimia 10, huku wachezaji wa ligi wakipungua kwa asilimia 40. Kwa mwenye ukumbi tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa kuwa mchezaji wa ligi hulipa kila wiki kwa zaidi ya wiki 30, mvua inyeshe au theluji ianguke, ilhali mgeni wa Jumamosi huja mara mbili kwa mwaka. Viwanda vilipofungwa, timu zao zilikufa navyo. Zamu zikawa hazitabiriki. Na kiwanja kikubwa chenye maegesho kando ya barabara kuu kikawa na thamani zaidi kikiuzwa kuliko kikichezewa. Waliobaki waligeukia sherehe za kuzaliwa, mashine za michezo na malipo ya kwa saa. Kampuni kubwa kuliko zote, iliyokuwa ikiitwa Bowlero na ambayo mwishoni mwa 2024 ilijibadili jina kuwa Lucky Strike Entertainment, imenunua mamia ya kumbi na hata chama cha wachezaji wa kulipwa, na biashara yake inajieleza kwa jina lake jipya: ni burudani kwanza. Sisemi ni dhambi, maana ukumbi unaoingiza fedha hauvunjwi. Nasema tu kwamba anayeingia siku ya sherehe huuona upande mmoja wa nyumba.

Ukiamua kujiunga, usirudie makosa yangu. La kwanza lilikuwa kuchukua tufe zito kuliko yote, la ratili 16, yaani zaidi ya kilo 7, ili nionekane mwanamume. Baada ya wiki mbili kifundo cha mkono kilivimba. Kadirio la kawaida ni sehemu moja ya kumi ya uzito wako, lakini mimi naona kipimo bora zaidi ni kidole gumba: kikinasa katika tundu la tufe utalibana bila kujua, na ukilibana halitakwenda unakotaka. Uache mkono ubembee kama pembea, uzito wa tufe ufanye kazi. Fedha zako za kwanza zinunue viatu, si tufe, kwa sababu viatu vya kukodi kwa kawaida huteleza miguu yote miwili, ilhali mchezaji anahitaji mguu mmoja wa kuteleza na mwingine wa kusukumia.

Kosa la pili lilikuwa kuzitazama pini. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni futi 60, takriban mita 18, na jicho la mgeni haliwezi kulenga vyema kwa umbali huo. Mishale saba iliyochorwa sakafuni iko karibu zaidi, kiasi cha futi 15 tu kutoka mstarini. Chagua mmoja, kwa anayetumia mkono wa kulia mara nyingi ni wa pili kutoka kulia, ulitazame tufe lipite juu yake, kisha uache.

La tatu lilinichukua msimu mzima kulielewa, nalo ni mafuta. Sakafu ya njia hupakwa mafuta yasiyoonekana, kwa kawaida mengi katikati na machache pembeni, ambayo huishia futi kadhaa kabla ya pini. Tufe huteleza kwenye mafuta, kisha hushika sakafu na kukata kona linapofika penye ukavu. Wachezaji wanavyoendelea kurusha, mafuta huhamishwa na kufutika, hivyo tufe lililoingia sawasawa saa moja jioni litakata mapema saa mbili na nusu, hata kama mkono wako haujabadilika hata kidogo. Mimi nilidhani ni uchovu, nikawa narusha kwa nguvu zaidi. Dawa ilikuwa kusogeza miguu kidogo kushoto.

Na usihangaike na straiki. Hesabu inaonyesha: ukiangusha pini 9 kwa kila mrusho wa kwanza na kuimalizia ile moja iliyobaki, katika zamu zote kumi za mchezo, utapata 190 bila straiki hata moja, kwa kuwa kila zamu unayoimalizia hivyo hupata pointi 10 na kuongezewa pini za mrusho unaofuata. Katika ligi yetu walikuwapo watu wawili au watatu tu wenye wastani huo. Fanyia mazoezi pini ya pembeni iliyobaki, ukisimama upande wa pili na kurusha tufe lililonyooka kwa kukatisha njia. Hakuna atakayekupigia makofi, isipokuwa wenzako wa timu, ambao wanajua.

Kabla hujachagua ukumbi, piga simu uulize mambo mawili: siku gani kuna ligi, na kama pini zao zinaning'inia kwa kamba. Mashine za kamba ni nafuu kuendesha na zinaenea. Tangu mwaka 2023 chama cha taifa cha bolingi kinazitambua, ila kama aina tofauti ya mchezo, kwa kuwa pini hazidondoki kwa namna ile ile. Kwa sherehe ya mtoto hazina ubaya. Kwa kujifunza mimi ningetafuta pini zilizo huru mradi zipo karibu. Ligi nyingi huanza mapema Septemba na timu hujazwa Agosti, kwa hiyo simu hiyo ipigwe Julai; ukichelewa, omba jina lako liandikwe kwenye orodha ya akiba, maana magoti ya wazee hayasubiri msimu uishe. Soksi beba zako. Za kaunta huuzwa kana kwamba zimefumwa kwa dhahabu.