"Run" si kukimbia: kwa anayeanza kutafsiri Kiingereza

Anayeingia kwenye kazi ya kutafsiri huja na jozi zake mfukoni: "eat" ni kula, "sleep" ni kulala, "run" ni kukimbia. Mbili za kwanza zitamfikisha mbali. Ya tatu itamwaibisha kabla wiki haijaisha. Katika kamusi kubwa ya Oxford kitenzi "run" peke yake kina maana zaidi ya 600, na zinazohusu miguu ni chache mno.

Anza na sikio. Wengi wetu tunatamka "run" na "ran" sawasawa, "ran". Kwenye maandishi haidhuru, ila kwenye sauti iliyorekodiwa inadhuru. "I run a shop" ni mtu mwenye duka hadi leo. "I ran a shop" huenda duka lilishafungwa. Usitegemee irabu peke yake, sikiliza maneno ya wakati yaliyo jirani: "yesterday", "every day", "until last year". Umbo la tatu nalo hurudi lilikotoka: husemwa "has run", kamwe si "has ran". "Runned" haipo. Na "running" na "runner" zina n mbili.

Sasa tazama kimbia inavyozaa: kimbilia, kimbiza, kimbizana, kimbilio, mkimbizi. Karibu vyote vina harufu ya hatari. Kuna kinachokimbiwa nyuma, au salama inayokimbiliwa mbele. Kilithuania, huko kando ya Bahari ya Baltiki, kimepita njia hiyohiyo: "bėgti" ni kukimbia, "bėgikas" mkimbiaji, "pabėgėlis" mkimbizi. Kiingereza hakikufuata njia hiyo. Mkimbizi wao ni "refugee", neno lisilo na undugu na "run". "Run" yenyewe ilihamia kwenye maji, mashine, ofisi na uchaguzi.

Kwa hiyo jamaa yake wa karibu kwetu ni kwenda pamoja na watoto wake. Saa inakwenda, mashine inakwenda, basi linakwenda Mbeya kila siku. Duka linaendeshwa, mradi unaendeshwa, kikao kinaendelea. Hata tumboni wanakutana: kwetu mtoto anayeharisha "anaendesha", na Kiingereza cha Afrika Mashariki kikatunga "running stomach". Ukiwaandikia wasomaji wa nje, weka "diarrhoea". "Running stomach" watalielewa kwa kubahatisha, na taarifa ya mgonjwa si mahali pa kubahatisha.

Ukikutana na "run", jiulize kwanza: ni nani au ni nini kinachofanya tendo? Mtu mwenye miguu na njia mbele yake, fikiria kimbia. Maji, kwake ni kutiririka. Pua, kutoka makamasi. Injini inawaka au inafanya kazi, na kama ni "runs on diesel" basi inatumia dizeli. Basi la "runs every 20 minutes" hupita kila baada ya dakika 20. Tamthilia iliyo "ran for six weeks" ilioneshwa wiki sita. Gazeti likiwa "ran the story", lilichapisha habari.

Kisha tazama kineno kinachofuata, maana hapo ndipo wageni wengi huangukia. "Run out of sugar" ni kuishiwa sukari. Kiingereza humtanguliza mtu, nasi tunaweza: "tumeishiwa sukari". Lakini "the sugar has run out" ni "sukari imekwisha", na mtu hayumo. "Run into" ina nyuso tatu. "I ran into Asha at Kariakoo" ni nilikutana na Asha bila kutarajia. Ukiandika "nilimkimbilia Asha" umeanzisha hadithi nyingine kabisa. "The car ran into a wall", gari liligonga ukuta. "The cost runs into millions", gharama inafikia mamilioni. "Run over" kwa gari ni kumgonga mtu na kumpitia juu, ila kwa kikao ni kupitiliza muda. "Run through" orodha ni kuipitia harakaharaka. "Run-down" kwa jengo ni chakavu, kwa mtu ni kuchoka mwili.

"Run by" itazame mara mbili. "A school run by nuns" ni shule inayoendeshwa na masista. "Run it by the boss first", ambayo imejaa kwenye barua pepe za ofisini, ni "mwoneshe bosi kwanza". Maneno ni yaleyale. Kinachotofautisha ni kama katikati ya "run" na "by" kumekaa kitu. "School run" ya Waingereza nayo haina masista wala mbio: ni ile safari ya kila siku ya kupeleka watoto shule na kuwarudisha.

Kuna pahali kimbia inakaa vizuri, na usiiogope. "A run on the bank" ni wateja kukimbilia benki kutoa fedha zao, na kukimbilia hapo kunabeba hata ile hofu. "Run away" ni kutoroka au kukimbia. "On the run" ni mtu anayesakwa, yuko mafichoni. "Running battles", kipenzi cha magazeti ya Nairobi, ni polisi na waandamanaji kukimbizana mitaani. Ukiandika "vita vinavyokimbia" mhariri atakurudishia.

Siasa ina fungu lake. Mmarekani "runs for office", Mwingereza "stands for election", sisi tunagombea, neno lililotokana na kugomba. "Run-off" ni duru ya pili. "Runner-up" ni mshindi wa pili, hata kwenye shindano la kuimba ambako hakuna aliyekimbia. Wingi wake ni "runners-up", s inakaa katikati. "Running mate" ni mgombea mwenza, na asili yake ni farasi aliyeingizwa mbioni ili kumwekea kasi farasi mwenzake wa zizi moja. Programu ya kutafsiri ikiiacha "mate" hiyo kama ilivyo, msomaji wa Kiswahili atabaki anafikiria mdomo.

Misemo ya uwanjani utaitafsiri vizuri ukiujua uwanja wenyewe. "Jump the gun" inatokana na bastola ya mwamuzi wa kuanzisha mbio. Vipimo vya kisasa vinamhesabu mkimbiaji kuwa ametangulia akisukuma vibao vya kuanzia chini ya sehemu 0.1 ya sekunde baada ya mlio, na tangu 2010 kosa moja linatosha kumtoa. Usain Bolt alitolewa hivyo katika fainali ya mita 100 huko Daegu mwaka 2011. Ofisini, aliye "jumped the gun" ametangaza au ameanza jambo kabla ya wakati. Andika "alitangulia" au "aliharakisha". "Aliruka bunduki" haina maana yoyote.

"Front-runner" uwanjani ni anayeshika uongozi tangu mwanzo na kukataa kuuachia. Mfano safi ni Filbert Bayi wa Tanzania, huko Christchurch, New Zealand, Februari 1974: aliongoza mita 1,500 mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. Kwenye habari za uchaguzi, "front-runner" ni anayepewa nafasi kubwa ya kushinda, na huenda hata kampeni hajaanza. Usiandike "anayeongoza" kama bado hakuna kura wala kura ya maoni.

"Neck and neck" ni ya farasi tena. Usiigeuze kuwa "bega kwa bega". Kwetu huko ni kushirikiana, kinyume kabisa. Wanaoandika michezo wana neno lao: wanakabana koo. Ushindani ukifika mwisho hivyo, ni "photo finish", mshindi anaamuliwa kwa picha. Alphonce Simbu wa Tanzania alishinda marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Amanal Petros wa Ujerumani, wakitenganishwa na sehemu 0.03 ya sekunde. Na wale wote wa nyuma, "also-rans", tuna neno tamu kuliko lao: wasindikizaji.

"Hit the wall" ina mtego wa pekee kwa sababu tuna "kugonga mwamba". Mazungumzo yakigonga mwamba yamekwama kwa kuzuiwa na kitu cha nje. Mkimbiaji wa marathoni, mbio za kilomita 42.195, "hits the wall" kwa kawaida baada ya kilomita 30, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inapokwisha. Kilichomkwamisha kiko ndani yake. Andika "nguvu zilimwishia ghafla". Akipata "second wind", "wind" hiyo ni pumzi, si upepo: amepata nguvu mpya.

Mengine ya uwanjani kwa mkupuo: "heat" ni mchujo wala si joto, "lap" ni mzunguko, "relay" ni mbio za kupokezana vijiti, "cross-country" ni mbio za nyika. "Steeplechase" ni mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, viunzi 28 na maji mara 7. "Pacemaker" ni mweka kasi. Eliud Kipchoge alikuwa nao 41 wakipokezana alipokimbia 1:59:40 Vienna mwaka 2019, na kupokezana huko ni sababu mojawapo ya muda ule kutoingia kwenye rekodi rasmi. Ila kwenye maandishi ya hospitali "pacemaker" ni kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. "Long run" ya mkimbiaji ni zoezi la masafa marefu, mara nyingi mara moja kwa wiki. "In the long run", yenye "in the", ni baada ya muda mrefu. Tangazo la kazi likitaka mtu wa "hit the ground running", linataka asiyehitaji kufundishwa kwa miezi.

Tuone sentensi moja ya kurasa za biashara: "The company has been running at a loss since March and may run out of cash before the new plant is up and running." Mgeni ataandika: "Kampuni imekuwa ikikimbia kwa hasara tangu Machi na inaweza kukimbia nje ya fedha kabla mmea mpya haujawa juu na kukimbia." Mzoefu ataandika: "Tangu Machi kampuni inapata hasara, na huenda ikaishiwa fedha kabla kiwanda kipya hakijaanza kazi." Maneno 24 yamekuwa 14, "run" zote tatu zimetoweka, na hakuna kilichopotea. Ukimaliza tafsiri, funika Kiingereza uisome peke yake. Kila kimbia iliyobaki, mtafute mwenye miguu. Kwenye daftari lako usiandike neno peke yake, andika sentensi nzima pamoja na tafsiri yake, maana "run" bila jirani zake haisemi kitu.

Ukigeuza safari, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, "run" inakuwa neno fukara. Aliyetoka nduki "bolted". Aliyetoka mbio miguu niponye "ran for her life". Ila mchakamchaka wa alfajiri shuleni au jeshini, na kiitikio chake, hauna mwenzake. "Morning jog" inabeba miguu na kuacha wimbo. Ongeza maneno mawili, "with singing", ndipo msomaji aone kikosi kizima kikipita.