Maswali ya Wasomaji: Mwongozaji Ndege Aulizwe Nini Kabla Mtambo Haujanunuliwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Kikuyu hapa Dodoma, na kila Bunge linapoanza vikao vyake huona ndege zikiongezeka juu ya paa langu. Jirani yangu, ambaye aliwahi kufanya kazi kiwanjani, anasema kwamba vifaa vya kisasa vinavyotarajiwa katika kiwanja kipya cha ndege cha Msalato havitakuwa na faida kubwa ikiwa waongozaji ndege hawatashirikishwa katika kuvichagua. Mimi naona hiyo ni kazi ya wahandisi. Rubani haulizwi ndege iundwe vipi, sasa mwongozaji aulizwe kwa nini? Tuamulie.

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako amekushinda, ingawa si kwa mabao mengi. Mfano wako wa rubani unakugeuka wewe mwenyewe, kwa sababu viwanda vya ndege huajiri marubani wa majaribio ambao neno lao husikilizwa tangu chumba cha rubani kingali kwenye michoro.

Kazi ya mwongozaji ina mambo ambayo hayaonekani katika maelezo ya kazi yaliyoandikwa. Katika minara mingi kila ndege huwa na kipande chake cha karatasi, chembamba kama rula, kilichoandikwa namba ya safari, aina ya ndege, kimo na muda, nacho hupachikwa katika kishikizo cha plastiki na kupangwa mezani pamoja na vingine. Mwongozaji anapokuwa na jambo ambalo hajalimaliza na ndege fulani, hukivuta kipande chake kitokeze nje ya mstari kidogo, ili jicho lake likutane nacho kila linapopita, hata akiwa anazungumza na rubani mwingine redioni. Mhandisi anayehamishia karatasi hizo kwenye skrini anaweza kuyanakili maandishi yote bila kosa hata moja, lakini asiweke njia ya kukitokeza kipande, kwa kuwa hakuna mwongozo uliomweleza kwamba mkao wa kipande nao ni ujumbe.

Wamarekani waliligharamia somo hili. Mwaka 1996 mamlaka yao ya usafiri wa anga, FAA, iliipa kampuni ya Raytheon mkataba wa mtambo ulioitwa STARS, wa kuongozea ndege zinazokaribia viwanja na zinazoondoka. Waongozaji walipoketi mbele yake walikuta madirisha ya skrini yanayoweza kuziba picha ya ndege, na kazi waliyozoea kuifanya kwa kuzungusha kitufe bila kuondoa macho kwenye rada sasa ikiwataka wapekue orodha za kompyuta. Usanifu ulilazimika kurudiwa, safari hii waongozaji wakiwamo, na makadirio ya awali ya dola milioni 940 yakapita bilioni moja. Ni haki kusema kwamba si gharama yote iliyotokana na marekebisho hayo, maana uandishi wa programu yenyewe nao ulikuwa na matatizo yake. Hata hivyo, maswali ya vitufe na madirisha yangeulizwa kabla ya kusaini, yangejibiwa kwa gharama ya vikao vichache.

Hapa nyumbani, rada iliyonunuliwa kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28 mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikosolewa na wataalamu waliotumwa na Benki ya Dunia kuwa ni ghali na haikulingana na mahitaji ya anga ya kiraia. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania iliingia mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa rada nne za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Utaona kwamba Dodoma haimo katika orodha hiyo. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni karibu kilomita 390 kwa mstari ulionyooka, na kwa umbali huo mviringo wa dunia huificha ndege iliyo chini ya kimo cha takriban kilomita 9, kwa hiyo ndege inayoteremka kutua kwetu haiwezi kuonwa na rada ya pwani. Anayejua ni katika hatua gani ya safari pengo la namna hiyo humsumbua zaidi mtu wa mnarani ni yule aliyekaa zamu humo, asubuhi ambayo ndege za viongozi, za abiria na ndege ndogo za kukodi zinakutana.

Nimesema jirani yako hakushinda kwa mabao mengi, nami nina sababu. Mwongozaji aliyezoea chombo cha zamani anaweza kudai kipya kifanane nacho kwa kila kitu, na kila kituo kikipewa matakwa yake hatutakuwa na mtambo mmoja wa taifa. Kwa maoni yangu, waongozaji wa zamu, na si wakuu wao pekee, waingizwe wakati orodha ya mahitaji ya zabuni inaandikwa, kisha wapewe mtambo wa mfano na kujaribiwa nao kwa siku mbaya ya kutunga: redio imekatika, ndege mbili zinaomba kutua pamoja, mvua inakaribia. Kuwaita siku ya mafunzo, mkataba ukiwa umeshasainiwa, ni kuwaarifu tu.

SWALI: Je, ni kweli kwamba kiwanja kinaweza kuongozwa bila mtu mnarani? Msomaji, Singida.

JIBU: Ni kweli. Kiwanja cha Örnsköldsvik nchini Sweden kimeongozwa kwa kamera kutoka Sundsvall tangu 2015, na London City kinaongozwa kutoka Swanwick tangu 2021. Mwongozaji hajaondolewa, bali amehamishwa, na sasa anategemea mawasiliano ya data yasiyokatika na lenzi zisizo na vumbi, jambo ambalo watu wa Kanda ya Kati tungeliulizia mapema.