Jina lako likiwa kwenye daftari la silaha

Ukiomba leseni ya silaha, unaikabidhi serikali mambo ambayo pengine hata jirani yako hayajui: jina kamili, namba ya kitambulisho, nyumba unayolala, aina ya silaha na namba yake, na mara nyingi mahali unapoifungia. Nimemiliki bunduki kwa leseni kwa miaka mingi, na wanaotaka kuomba huniuliza kama kanzidata hiyo, yaani daftari la kompyuta linalohifadhi taarifa hizi, ni salama. Jibu langu ni moja. Omba leseni, jaza fomu kwa ukweli, kisha panga maisha yako ukijua kwamba orodha ile inaweza siku moja kusomwa na mtu asiyestahili.

Sisemi haya kwa kuipinga sajili. Askari wanaoitwa usiku kwenye nyumba yenye ugomvi wana haki ya kujua kama ndani mna bastola. Mahakama ikimpiga marufuku mtu mkatili kushika silaha, lazima pawepo mahali pa kuangalia anazo ngapi. Ninachodai ni kwamba serikali inayotaka anwani yangu iilinde kwa ukali uleule inaonitaka mimi niilinde bunduki.

Wengi wetu tunamwogopa mdukuzi. Lakini tazama jinsi taarifa hizi zilivyotoka huko nyuma. Mwezi Juni 2022, idara ya sheria ya jimbo la California ilifungua ukurasa wa takwimu za silaha kwa umma, na nyuma ya takwimu hizo yakawa wazi majina, tarehe za kuzaliwa na anwani za watu wapatao 192,000 walioomba kibali cha kubeba silaha kati ya 2011 na 2021. Walikuwamo hata walionyimwa. Uchunguzi uliofuata ulisema halikuwa jambo la makusudi. Watumishi hawakuuelewa vizuri mfumo waliokuwa wanautumia. New Zealand, mwaka 2019, polisi walikuwa wananunua silaha kutoka kwa raia baada ya mauaji ya misikitini mjini Christchurch. Mkandarasi wa mfumo wa kompyuta uliotumika akawapa wauza silaha ruhusa kubwa kuliko waliyostahili, na mmoja wao akaweza kuona taarifa za wamiliki wengine. Na jimboni New York, Desemba 2012, gazeti moja lilichora ramani yenye majina na anwani za wenye vibali vya bastola katika kaunti mbili, bila kuvunja sheria yoyote, kwa sababu kumbukumbu hizo zilikuwa za umma. Mwezi uliofuata jimbo likapitisha sheria iliyompa mwenye kibali nafasi ya kuomba jina lake lifichwe.

Hakuna mdukuzi hata mmoja katika visa hivyo vitatu. Ndiyo maana mtu akiniambia mfumo una nenosiri gumu, situlii. Ninataka kujua nani ana ruhusa ya kufungua jina langu, na nani atajua kwamba amelifungua.

Swali hilo niliuliza nilipokwenda kuhuisha leseni. "Samahani afande, faili langu linasomwa na nani?" Hakukasirika. Alinieleza kwamba ni yeye, mkubwa wake, na wapelelezi wenye kesi, na kwamba kila anayelifungua huacha alama kwenye mfumo. Nawe uliza, kwa adabu. Palipo na sheria ya kulinda taarifa binafsi, kwa kawaida una haki ya kuomba nakala ya yale waliyoandika juu yako na kudai makosa yasahihishwe. Iombe kwa maandishi. Anwani ya zamani iliyobaki kwenye kumbukumbu inaweza kumletea mpangaji mpya wageni asiowatarajia, na hana hatia yoyote.

Kama umemkimbia mtu aliyekuwa akikupiga, au kazi yako inakutengenezea maadui, sema hivyo mapema kabla hujajaza fomu. Uliza kama wanakubali anwani ya posta kwa mawasiliano, na kama kuna utaratibu wa kulifunga faili lako lisionekane na kila mtumishi. Hapa ndipo roho inaniuma zaidi, kwa sababu mtu huyu huenda aliomba silaha kwa hofu, na daftari likivuja linamwonyesha adui mlango.

Usisahau pia kwamba serikali haiko peke yake. Muuzaji anaandika, fundi anaandika, klabu ya shabaha inaandika. Uingereza, mwaka 2021, tovuti moja ya kununua na kuuza bunduki ilidukuliwa na taarifa za wateja wapatao 111,000 zikaibwa. Baadaye mtu akazipanga ili zionekane kwenye ramani. Kwa hiyo mpe muuzaji kile sheria inachodai tu. Kadi ya punguzo na fomu ya bahati nasibu havihitaji kujua nyumba yako.

Niliwahi pia kupigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni wa ofisi ya leseni, akitaka nimsomee namba ya bunduki "kwa ajili ya uhakiki". Namba hiyo ofisi wanayo tayari. Nilikata, nikapiga mwenyewe kwa namba iliyochapwa kwenye barua ya leseni, nikaambiwa hakuna aliyenitafuta. Kwa yeyote atakayekupigia hivyo, usibishane naye. Kata.

Na bunduki yenyewe: kabati la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, risasi mbali nayo, funguo zisikae kwenye droo ya kwanza ambayo mwizi ataivuta. Picha za silaha zisiende mtandaoni. Ukisafiri kwa muda mrefu, uliza kama kituo cha polisi au muuzaji mwenye leseni anapokea silaha kwa kuhifadhi. Siku ukisikia kanzidata imevuja, usingoje barua. Andika ukiuliza ni taarifa zako zipi zilizotoka na tangu lini, weka nakala ya majibu, badilisha funguo za nyumba na za kabati, na waambie watu wa nyumbani wasimfungulie mgeni anayedai amekuja kukagua silaha kabla hamjapiga simu ofisini.